Mwito wa Tatu

Ukisimama Wabera, hapa Isiolo mjini, nyuma ya ule msikiti mdogo wa mabati ya kijani, uite jina lolote, hata la mbuzi, utasikia mwanamke anaitika, "Labeka!" Huyo ni mama mkwe wangu. Usicheke. Mimi nilicheka wiki ya kwanza ya ndoa yangu, na nikakoma.

Akiitwa Nakolong, jirani yetu Mturkana anayeuza makaa, anaitika Mama. Konda akiita abiria wa Marsabit, anaitika Mama, na Marsabit hana shughuli nayo. Watoto wa shule wakaijua hiyo kitu. Walikuwa wanapita nje ya ua wetu wanaita, "Simba!" Labeka! "Sufuria!" Labeka! Halafu wanatoka mbio, mbavu hawana. Nimewafukuza na fagio mpaka barabarani, na mmoja nilimpata kisawasawa. Mama yake alikuja kushtaki akanikuta bado nina hasira, akarudi na shtaka lake.

Jina la mama mkwe wangu sitalitaja saa hii. Kwa nyumba niliyolelewa mimi, nyumba ya Waborana wa Merti, mke hataji jina la mama wa mume wake. Hata kama jina hilo ni jina la mti, utauita ule mti kwa namna nyingine. Mimi ni Khadra, mke wa Jattani, na tangu niingie nyumba hii nimemwita Mama. Mji unamwita Mama Pwani. Kitambulisho chake kimeandikwa Mariamu, jina ambalo baba yake aliliandikisha walipofika huku. Lakini jina alilozaliwa nalo ni lingine, na hilo ndilo lenye kisa.

Kwao ni Lamu. Ukisema Lamu watu wanafikiria ule mji wa punda na milango ya nakshi, wanaanza kukuuliza habari za wazungu. Mama anasonya. "Kule ni kwa mabwana," anasema. Yeye ni Mbajuni wa upande wa bara, ile nchi kavu inayotazama visiwa, mahali panaitwa Mtangani. Nyuma ni msitu, mbele ni mikoko, halafu ndiyo bahari. Anasema mwambao huo ulikuwa na vijiji vingi vya namna hiyo, kila kimoja na msikiti wake wa mawe na kisima chake. Walilima mtama na ufuta, wakavuna asali msituni, na wanawake wakasuka ukili wa mikeka vibarazani. Kisima chao kilikuwa na maji matamu, na bahari ya chumvi iko hapo hapo karibu. Hilo Mama hulisema kila mara anapokunywa maji yetu ya Isiolo, ili tujue tumepungukiwa nini.

"Watu wa kwetu hawapigi kelele," huwa ananiambia. "Nyie mwaongea kama mwaswaga ng'ombe."

"Ni kweli, Mama. Tunaswaga ng'ombe."

Watoto wa Mtangani walifundishwa jambo moja kabla hata ya kufundishwa Alhamdu. Jua likishainama, ukisikia jina lako linaitwa kutoka upande wa mikoko au upande wa kisimani, na mwenye kuita humwoni, usiitike. Nyamaza, ungoje. Kama ni mtu ataita mara ya tatu. Kisicho mtu hakiwezi mara tatu, mwisho wake mbili. Ukiitika kabla umeshajitoa mwenyewe, na kitakuja kukuchukua. Mama yake alilisema hilo kila siku akiwafunga nywele, yeye na dada yake.

Dada yake aliitwa Zena. Walikuwa wawili tu, Zena na miaka kumi na miwili, yeye na minane. Na mama yao alikuwa akiwaita pamoja, majina mawili kwa pumzi moja, kutoka mlangoni. Hakuwahi kuita moja bila lingine.

Halafu vikaja vile vita ambavyo serikali ilisema ni vya shifta, yaani majambazi wa kaskazini.

Hapa nivumilieni, maana neno hilo linaniwasha. Nimeitwa shifta darasani nikiwa na kamasi puani, sijui hata bunduki inashikwa upande gani. Kwetu wakati huo tunauita Daaba, maana yake kusimamishwa. Watu wa Merti, watu wa Garba Tula, waliingizwa kambini wakaambiwa kaa hapa. Mfugaji umwambie kaa hapa! Ngamia wa babu yangu walipigwa risasi mbele yake, na mtu aliyekuwa akigawia maskini maziwa akafa akiomba unga. Babu hakuwa na bunduki. Alikuwa na fimbo na miguu mibaya. Basi mtu akiniambia vita vile vilikuwa vya fulani na fulani, mimi namuuliza, na babu yangu unamweka wapi?

Lakini vita hivyo hivyo vilifika Mtangani. Wenye bunduki walitoka msituni alasiri moja. Walikuwa nani hasa, Mama hajui. Mtoto wa miaka minane haulizi kabila.

Zena alikuwa amekwenda kisimani. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, peke yake, anachambua miyaa ya kusukia. Akasikia jina lake. Linaitwa kutoka upande wa kisima, si kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kusikika. Hakumwona aliyeita. Akanyamaza kama alivyofundishwa. Likaitwa tena, mara ya pili. Akaweka miyaa chini, akakaza masikio angoje la tatu, ili aitike vizuri.

La tatu halikuja. Zilikuja risasi. Mama yake alitoka mbio akamshika mkono, wakakimbilia mashua pamoja na kijiji kizima, na katika vurugu hiyo kila mtu akaamini Zena yuko mashua nyingine na shangazi yake. Walipofika kisiwani, shangazi akashuka peke yake.

Waliorudi baadaye kutafuta walikuta ndoo kisimani. Zena hakuonekana, si mzima, si maiti. Mtangani ikaachwa, na msitu ukaingia majumbani.

Hayo aliniambia mimi peke yangu, tukisuka, mwaka wa pili wa ndoa yangu, baada ya kumuuliza kwa nini aitikie hata jina la mbuzi. Mama yake alikufa bila kuambiwa habari za ile miito miwili. "Ningeitika," aliniambia, "angejua niko wapi, angenijia mimi, tungejificha pamoja. Nilimdhani jini. Dada yangu mwenyewe, Khadra, nilimdhani jini!" Halafu ndipo akaniambia jina lake, mara moja, kwa sauti ndogo, na akanieleza kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwita nalo. Mama yake hakuweza. Yale majina mawili yalizoea kutoka pamoja, na moja lilipokosa pa kwenda, la pili likamkwama kooni. Akawa anamwita "mwanangu" tu mpaka anakufa.

Basi ndiyo maana anaitikia kila mwito. Anaogopa mwito wa tatu usije ukapita tena, yeye amenyamaza.

Isiolo waliletwa na kazi ya baba yake. Alikuwa mpishi, na maofisa wa huku walikuwa wakipenda mpishi wa pwani. Ruka majivu, kanyaga moto! Wanakimbia vita vya Lamu, wanakuja kukaa kwenye mlango wa vita vyenyewe. Mtoto akakulia hapa, kwenye vumbi na malori ya jeshi, akiwaona Waborana waliokonda wakitolewa kambini, na akashangaa. Alikuwa amefikiri wenye shida ya vita ni watu wa kwao peke yao.

Mmoja wa hao waliokonda alikuwa Bonaya, baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Alianza upya na mbuzi wa kuazima, akawa mchuuzi wa mifugo, na akampenda mtoto wa mpishi. Ilikuwa vita nyingine. Mama wa msichana analia, "Uolewe na shifta?" Mama wa Bonaya analia, "Utuletee mla samaki?" Wakaoana. Mwezi wa kwanza mama mkwe wangu akapokea papa mkavu kutoka pwani, akampika kwenye sufuria ya familia. Wallahi, harufu ile ilifika hadi mnadani. Mama mkwe wake alihamisha vyombo vyake vyote, pamoja na kigoda, akaenda kukaa kwa binti yake hadi mvua iliponyesha.

Bonaya alikuwa mtu mpole. Alimpeleka bibi harusi wake Ewaso Nyiro, kwa sababu alimwona anakosa maji ya kutazama. Mama akafurahi kuona mto mkubwa unakwenda mashariki, upande wa kwao. Akauliza unaingilia wapi baharini. Bonaya, ambaye hakujua kudanganya, akamwambia hauingii. Unachoka njiani, unakwisha kwenye mchanga wa Lorian. Mama aligeuka akarudi kwenye gari. "Mto gani huu usiofika?" akasema, na kwa muda mrefu hakutaka kuusikia.

Ila ni mto huo uliomlisha. Kando yake kuna mikoma, na Waturkana wanasuka vikapu kwa majani yake. Nakolong alikuwa akimletea matita, Mama akayachana na kuyatia rangi, akasuka ukili mrefu namna ya kwao, akaushona kuwa mikeka. Leo ingia nyumba yoyote ya Wabera yenye harusi au matanga, unakalia mkeka wake. Mahamri pia ni yeye aliyewafundisha hawa wanaojidai leo. Akanizalia mume. Akaishi. Mtu anaweza kuishi maisha mazima, akacheka, akala, akapata wajukuu, na sikio moja liko kwingine.

Shida ilianza mwaka huu, kiangazi kilipokaza. Mwanzo alikuwa anaitika akiwa amekaa. Sasa akawa anainuka. Alasiri, jua likishainama, anaweka ukili chini, anasema "Labeka," anatoka mlangoni na ndara zake. Mara ya kwanza tulimpata kwa Nakolong. Mara ya pili, kwenye lagga, ule mto mkavu, amesimama katikati ya mchanga. Mara ya tatu tulimtafuta mpaka roho ikanitoka, tukapigiwa simu kutoka Burat, nje ya mji. Alikuwa ameufikia ua wa kambi ya jeshi, anatembea kando ya seng'enge, na askari kijana alishamwamuru asimame mara mbili. Kila akiambiwa simama anajibu "Labeka," na anaendelea kwenda. Nilimshukuru yule askari kwa kutofyatua risasi. Halafu nikaenda nyuma ya pikipiki nikalia.

"Mama, unakwenda wapi?" nilimuuliza tukiwa nyumbani, namwosha miguu.

"Naitwa."

"Unaitwa na nani?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua ni nini. "Ameita mara mbili, Khadra. Kila siku ni mara mbili. Nikikaa sisikii ya tatu, yuko mbali. Lazima nisogee."

Sikulala vizuri tena. Tulimpeleka hospitali, wakampa dawa ya kumtuliza, akawa mzito wa miguu lakini alasiri bado anajikokota kwenda mlangoni. Sheikh akamsomea. Nakolong akaja na mama wa kanisani kwake, wakamwombea, na Mama akaitikia amina zao zote. Nikajua wazi kwamba kuna alasiri moja nitakuwa sokoni au msalani, na huyu mama atatoka, na tutaletewa na fisi kilichobaki. Nilimwambia Jattani hivyo hivyo. Sikumpambia maneno.

Jattani ana lori. Siku hizi kuna biashara ya mbuzi kuelekea Lamu, kwa njia ya Garissa, na alikuwa ameshateremka mara mbili. Akasema, "Nitafika Mtangani. Nimwone huyo anayeita." Alisema kwa mzaha, lakini uso haukuwa na mzaha.

Akafika Lamu, akauza, akavuka kisiwani kwa ndugu za mama yake, watu ambao hatujawahi kuwaona. Kumbe wazee wa kule hurudi Mtangani mara moja kwa mwaka, wanafyeka makaburi, wanasoma dua, wanaondoka kabla ya jua kuinama. Safari hii wakaenda naye.

Akanipigia simu. Nikaweka sauti kubwa, nikaishikilia kati yangu na Mama, tumekaa kwenye mkeka uani, Nakolong yuko ukingoni na gunia lake. Ilikuwa alasiri, wazee walikuwa wamechelewa kumaliza. Jattani alikuwa anahema.

"Mama, niko kisimani. Nimepanda juu ya ukuta wake, network iko hapa tu. Msikiti umebaki mihirabu. Nyumba zina miti ndani. Kisima kiko, kina maji, nimeyaonja. Matamu."

Mama akafumba macho. "Umemwona mtu?"

"Hakuna mtu, Mama. Nyani tu."

"Husikii kitu?"

"Sisikii kitu."

Ukili uko mapajani mwake, vidole vinautafuta vyenyewe. Halafu akasema, "Niite."

"Nikuite vipi, Mama?"

"Kwa jina langu la huko. Nalikwambia siku uliyoondoka. Uko palepale aliposimama. Niite mara moja tu, mwanangu, ya tatu, niitike mambo yaishe."

Kwenye simu ukasikika upepo. Namjua mume wangu. Mtu mzima, ndevu zina mvi, anapigana na polisi wa barabarani bila woga, lakini amwite mama yake mzazi jina, kama mtoto mwenzake? "Mama, siwezi," akasema. "Hiyo ni kukosa adabu. Nitapata laana."

"Radhi ninakupa. Niite."

"Mama..."

"Niite, Jattani!"

Simu ikakata. Nikapiga, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Mama alikuwa bado ameinamisha kichwa upande wa simu, mdomo wazi kidogo, neno la kuitikia liko tayari ulimini. Anangoja. Akangoja. Halafu nikaona magoti yake yanaanza kujikunja, ainuke, ashike ile njia yake, na nikajua safari hii hata nikimfunga kamba atakwenda.

Nakolong akanitazama. Nami nilikuwa nawaza nyumba niliyolelewa, mama yangu, bibi yangu, wanawake wote walioingia kaburini bila jina hilo kuwatoka mdomoni. Wacha nao wanisamehe. Nikasimama, nikaenda mpaka mwisho wa ua, penye pipa la maji, nikageuka, nikamwita kwa sauti yote niliyonayo, ile ya kuswaga ng'ombe.

"Mwanaheri!"

Hakunitazama mimi. Alitazama mbele yake, machozi yakamjaa, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mama wa miaka sitini na kitu, ilikuwa ya mtoto wa miaka minane.

"Labeka, Dada!"

Halafu akakaa. Akashusha pumzi ndefu mpaka nikaogopa ndiyo ya mwisho, lakini haikuwa. Akauokota ukili wake, akatafuta alipoishia. Nje mteja wa makaa alipita, akaita Nakolong, mara moja, mara mbili. Mama hakuinua kichwa. Ilibidi Nakolong aitike mwenyewe, na alisahau namna.

Simu ikalia. Jattani. Nikaenda nayo nyuma ya nyumba, tayari kumwambia asijilaumu, kwamba si kitu, kwamba mtandao ni mtandao.

"Khadra," akasema, na sauti yake ilikuwa chini sana. "Sikumwita. Simu ilikata, nikabaki nimesimama hapa naogopa. Sikutamka kitu, na wazee ni mashahidi."

"Najua."

"Basi mbona mtoto ameitika humu kisimani?"

"Mtoto gani?"

"Mtoto wa kike," akasema. "Chini, kwenye maji. Amesema, 'Labeka, Dada.' Sote tumesikia. Wazee wamekaa chini, mmoja analia, hawataki kuinuka. Khadra, nani ameita?"

Kutoka uani nilisikia Mama akimcheka Nakolong kwa jambo fulani, na mlio wa sindano ikipita kwenye ukili.

"Mimi," nikamwambia. "Nimemwita mimi."